Tukipendana Upande Mmoja Tutazama

Baba yangu, uliyenilaza juu ya maji,

Nimeolewa! Naandika neno hilo na kulirudia kwa raha. Nimeolewa na Ndung'u, kijana mrefu wa Kabiro, huku Kawangware, anayeniletea mandazi ndani ya gazeti na kuniita "moyo wangu" hata mbele ya muuza mboga. Akitoka kwenda kazini nasimama mlangoni mpaka apotee kwenye kona, kisha narudi ndani na kunusa sweta yake kama mtu aliyerukwa na akili. Ungemcheka, Baba. Ungempenda. Lakini sikuandikii kwa raha peke yake. Nakuandikia kwa aibu, na aibu hii nisingeweza kumpelekea mtu mwingine.

Wazee wao walipokuja kuniposa kwa Baba Mdogo Ouma, kule kijiji cha Raila, Kibera, waliuliza wewe marehemu ulifanya kazi gani. Baba Mdogo akajibu kwa fahari, "Ndugu yangu alikuwa mtu wa dam. Miaka yote, dam tu."

Mama Ndung'u akatikisa kichwa kwa heshima. "Mtu wa damu! Hospitali gani?"

Soda zikaingia wakati huo huo, na swali likazama humo. Tangu siku hiyo mama mkwe wangu ananitambulisha hivi kwa wapangaji wa ploti yake: "Baba ya huyu alikuwa anapima watu damu." Mimi natabasamu. Ningeanzia wapi kumwambia kwamba hukupima mtu damu, ulilinda mashua ya mtu aliyeondoka bila kurudi, iliyofungwa kwa kamba ukingoni mwa bwawa la Nairobi Dam, upande wa Silanga? Na kwamba tangu Mama afariki, mashua ile ndiyo iliyokuwa nyumba yetu?

Lakini ilikuwa nyumba nzuri, Baba. Asubuhi ulichota maji yaliyoingia usiku kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, nami nikipuliza jiko letu lililokaa juu ya bati lenye mchanga, ili tusijichome. Birika hatukulijaza hata siku moja, lisije likamwagika mtu akipita kwenye ubao. Yunifomu yangu ilining'inia kwenye mlingoti, na upepo ulikuwa pasi yetu. Kuingia tuliita kupanda, kutoka tuliita kushuka. Shuleni waliniita Chura kwa sababu ya harufu ya tope kwenye soksi zangu. Nilipokuambia nikilia, ulisema, "Waambie chura ana dimbwi lake. Wao wanalipa kodi."

Na Julai! Nairobi nzima ikiwa imejikunyata, mbingu rangi ya jivu wiki baada ya wiki, halafu adhuhuri moja jua linatoboa. Hukungoja. "Limetuita," ulisema, na kamba ikafunguliwa. Ulisukuma kwa ule mti wako mrefu wa mwanzi mpaka katikati ya bwawa, ambako kelele za Kibera zilibaki nyuma yetu kama redio ya jirani. Tulikula viazi vitamu vya moto, migongo yetu ikiota jua, na ukaniimbia kwa sauti ile mbaya ninayoitamani leo kuliko kinanda chochote cha kanisani. Nilitaka kuja kukuegemea. Kila mara nilitaka. Nawe kila mara ulinyoosha kidole: "Wewe kulia, mimi kushoto. Tukipendana upande mmoja tutazama."

Hicho kidole chako, Baba, ndicho kilichoniponza.

Wiki ya pili baada ya harusi, Mama Ndung'u alikuja chumbani kwetu kunywa chai. Nimetandika vitambaa vyeupe vya kufuma kwenye viti, nimechemsha maziwa. Akaingia, akapokea kikombe na, kwa upendo wake wote, akaja kuketi kwenye kochi palepale nilipokuwa nimekaa, bega kwa bega. Nami nikainuka, nikahamia kiti cha upande wa pili. Sikufikiri. Miguu yangu ilifikiri. Mtu akikaa huku, wewe nenda kule: nimefanya hivyo tangu nilipojua kutembea.

Alikaa na kikombe hewani. "Kwani mimi nanuka?"

"Hapana, Mami," nikasema.

Ndung'u, kipenzi changu, akajaribu kuniokoa. "Ni mila zao, Mami. Mkwe hakaliwi karibu. Ni heshima."

"Heshima ya kunitoroka kwa kochi la mtoto wangu? Sawa."

Hakumaliza chai. Kutoka siku hiyo alikuwa akipita mlangoni na kuongea akiwa nje, kwa sauti ya ploti nzima kusikia: "Siingii mimi, nisije nikahamisha mtu." Wapangaji wakacheka. Neno moja tu la kweli lingenirudishia mama, maana wangu simkumbuki hata sura, na neno hilo lilikuwa mashua. Nilionea haya neno hilo kuliko nilivyomhitaji yeye. Nilifua shuka zisizo chafu ili nisitoke.

Halafu Jumapili iliyopita, baada ya baridi ndefu, jua likatoboa. Tulikuwa tumetoka kanisani. Nilisimama uani, uso juu, nikaanza kulia kama mtoto. Ndung'u akaniuliza kuna nini, nikamwambia yote: mkebe, ubao, Chura, kidole chako. Nilingoja uso wake ubadilike. Ulibadilika. Akanishika mashavu mbele ya kamba za nguo za watu.

"Yaani nimeoa msichana wa mashua na hakuna mtu aliniambia?" Kisha akapaza sauti, "Mami! Vaa viatu vya kutembea. Tunaenda kuona ile damu."

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele ananung'unika, sisi nyuma tumeshikana mikono. Na hapa ndipo pana aibu yenyewe, Baba. Zile nyingine zilikuwa za kitoto. Tulipofika Silanga, bwawa lilikuwa limefunikwa na magugu ya kijani, na harufu ikatupokea kabla ya mtu yeyote. Nikatoa leso, nikafunika pua. Mimi. Baba Mdogo Ouma, ambaye siku hizi anahifadhi magunia yake ya makaa ndani ya mashua yetu na kwa hiyo bado anachota maji kwa mkebe wako, aliinua kichwa akaniona hivyo. Alitazama leso, akaangalia pembeni. "Karibu kwako, nyathina," akasema. Mtoto wangu. Leso niliishusha, lakini alikuwa ameshaiona, nawe pia.

Mama Ndung'u alisimama ukingoni. "Dam," akasema polepole. "Haiya. Kumbe ni dam!" Akamgeukia Baba Mdogo. "Na wewe ukaniacha niseme hospitali?"

"Mama, ulikuwa umefurahi sana."

Akapanda ubao, Ndung'u akimshika kiwiko. Nilikuwa nimeshakaa, kulia kwangu. Naye akaja moja kwa moja, akaketi ubavuni mwangu. Niliusikia mwili wangu wote ukitaka kuinuka. Nikaukataa. Bora tuzame, nilisema moyoni, kuliko kumkimbia mara ya pili. Mashua ikainama. Gunia likateleza. Maji ya kijani yakachungulia ndani.

"Ngai! Hama!" akapiga kelele, akinisukuma kwa mikono miwili. "Hama wewe msichana, tunaanguka!"

Nikaruka kushoto, mahali pako. Mashua ikatulia. Tukabaki tunatazamana, yeye upande ule, mimi huu, jua katikati yetu. Nikamwambia ulichokuwa ukisema. Akafunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, na mabega yakaanza kucheza. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ingawa alipokishusha kitambaa, kicheko na machozi vyote vilikuwepo.

Jana alikuja kunywa chai. Alisimama mlangoni, akainua sketi kidogo, akasema, "Napanda." Akaketi kwenye kochi, akanionyesha kwa kidole kiti cha upande wa pili.

Lala salama, Baba. Leso ile nimeifua mara nyingi, na bado naiona mkononi mwangu. Jua likitoboa tena nitakuja bila hiyo, nichote maji mimi, Baba Mdogo apumzike.

Binti yako,
wa upande wa kulia