Mwekundu Juu, Mweusi Chini

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Mama bado anabishana na redio, na paa la jikoni limeacha kuvuja bila fundi yeyote.

Kazi yangu ya kupima udongo imenifikisha nyumbani, hadi nyuma ya jikoni, na sasa nimechanganyikiwa. Ramani inasema kilima chetu chote kina udongo mweusi juu na mwekundu chini. Takwimu za mvua zinakubali, mteremko unakubali, na mashimo niliyochimba kwa majirani yanakubali. Shimo la kwetu ndilo kaidi: mwekundu uko juu, mweusi uko chini. Nimeulowesha, nimeufinyanga kiganjani, nikadhani macho yananidanganya. Nilipochimba kando kidogo, nikakuta udongo kama wa majirani.

Kaka, udongo haujipindui wenyewe. Kuna mtu alichimba pale akafukia. Na si shimo la choo wala la takataka. Ni dogo, urefu wake kama mkono wangu.

Nilimuuliza Mama. Akasema, "Mwanangu, kapime kwa watu wengine," akazima redio. Mama, kuzima redio! Tangu jana hajaiwasha.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukinifukuza nisicheze pale, eti kuna nyoka. Huyo nyoka sijawahi kumwona.

Nimefukia polepole, kila tabaka nikalirudisha nilipolitoa. Ofisini sijui niandike nini. Wewe niambie tu: tulizaliwa wangapi?

Mdogo wako wa pekee, kama ndivyo.