Bihogo wa Simenti

Jumapili, 3 Agosti
Ibada, uji, usingizi kidogo. Kama kila Jumapili hapa kambini Nakivale. Halafu simu ya Enoki kutoka Ruti, mtaa wa Mbarara: safari ya Kanada imekubaliwa, ataondoka tarehe 14. Nikasema Mungu asifiwe. Kwa mdomo tu. Ni mtoto wangu wa pekee, na mama yake tulishamzika.

Jumanne, 5 Agosti
Tutaagana Jumamosi kwenye bustani ya mji, Mbarara. Kuja huku hana nafasi. Nafasi! Nimepiga pasi shati langu la kanisani.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimefika mapema mno. Bustani nzuri, sikatai. Kibwawa chao wanakiita ziwa. Sisi wa Nakivale, wenye ziwa la kweli, tunacheka. Maharusi walikuwa wanapigwa picha kwenye sanamu ya korongo. Nyuma yao, ng'ombe. Wa simenti, pembe ndefu, mwekundu aliyekolea rangi. Nikasogea. Bihogo wangu hasa, ng'ombe niliyemwacha njiani tulipokimbia vita kwetu, milima ya juu ya Uvira. Nikamshika shingo. Baridi.

Mlinzi, Mnyankole, hakunifukuza. "Mzee, hii iko bihogo," alisema. Hata kwao ng'ombe mwekundu huitwa hivyo. Tukasimama naye tukimtazama. Ndiye mtu niliyezungumza naye zaidi leo.

Enoki alikuja jua likishuka, simu sikioni. Nilimuuliza kama anamkumbuka Bihogo.

"Baba, hii ni simenti tu."

Akanipiga picha na sanamu, akanikumbatia, akaenda kufunga mizigo. Mkataa kwao ni mtumwa, nilitaka kumwambia. Nimeumia sana.

Alhamisi, 14 Agosti
Amepanda ndege. Sijala. Nina hasira na hakuna mtu wa kumkasirikia.

Ijumaa
Bado.

Jumapili, 17 Agosti
Sikwenda ibadani. Picha imefika, mimi na ng'ombe wa simenti. Chini yake ameandika: "Baba, hii ngombe haifanane na Bihogo. Bihogo yetu ilikuwa na pembe moya ya kuvunjika."

Kweli. Ilivunjika siku ile ile ya kukimbia, kwenye mawe ya mtoni. Sikuwahi kumsimulia. Siku ile huwa siisemi kwa mtu. Enoki alikuwa mgongoni kwa mama yake, nami nilidhani amelala.

Nimebandika maji ya chai.