Siku Nilimlilia Baba wa Wengine, Butembo

Jumatatu, Butembo. Baridi na ukungu, na mimi mutu wa Beni nimekuja bila hata pullover.

Nilikuja kwa siku moja tu. Directeur wangu, mwalimu anayenisimamia, asaini mémoire yangu ya kumaliza masomo, kisha nitembee huu mji wa université tunaousifu sana kule kwetu, niingie bibliothèque nione vitabu, nipige picha langoni. Jana nililala kwa shangazi, mtaa wa Vulamba. Asubuhi nafungua simu: ville morte, mji wote umefungwa siku mbili! Kila mutu alijua isipokuwa mimi, kichwa kimezama ndani ya bibliographie.

Hakuna pikipiki, hakuna duka wazi. Vijana wameweka barrière za mawe barabarani, matairi yanawaka.

Na directeur anaenda Kampala kutibiwa, kesho alfajiri kabla vijana hawajaamka, hajui atarudi lini. Bila sahihi yake sitetei mwaka huu. Mwaka jana vita vilinikwamisha hivi hivi. Jamani, nimechoka kungoja.

Saa nne nikasikia nyimbo. Batu wa msiba walikuwa wanapita na jeneza, kila mmoja na tawi la majani mkononi. Huku msiba unapita hata siku ya ville morte, na makaburi yako upande wa kwa directeur. Nikavunja tawi kwenye ua wa shangazi, nikaficha mémoire ndani ya kitenge, nikaingia katikati yao.

Ndiyo. Nilifanya hivyo.

Kwenye barrière ya pili kijana mmoja akaangalia mtandio wangu. Mwislamu peke yangu, katikati ya nyimbo za kanisa.

"Na weye, marehemu ni nani yako?"

"Ni papa," nikasema.

Papa wangu ni mzima, yuko Beni anapakia lori lake. Nilimuzika kwa mdomo wangu mwenyewe, bila hata kufikiri.

Mama mmoja mwenye macho mekundu akanigeukia. Alikuwa mbele kabisa, nyuma ya jeneza, nikaelewa kwamba yeye ndiye mtoto wa marehemu. Nikajua nimekwisha. Akanishika mkono, akamwambia kijana: "Ni dada yangu. Mutuache tupite na papa yetu."

Hakuniuliza kitu njia yote. Nililia kweli, sijui nilimlilia nani. Karibu na kwa directeur nikamwachia mkono, na hata asante sikusema. Aibu hiyo bado ninayo.

Directeur alisaini. Sasa nimekwama kwenye salon ya nyumba yake, mke wake ananipa chai, na hakuna msiba unaorudi Vulamba. Kila nikifungua dirisha ni moshi tu. Mémoire iko magotini, hamu ya kuifungua sina.

Papa, ambaye huniita mama, amepiga simu sasa hivi.

"Mama, ulikula? Barrière zote hizo, mais nani alikupitisha?"

"Ni weye, papa."

Akacheka sana. Alifikiri nasifu dua zake, akasema anaenda kuwaambia wenzake kwenye parking.