Kamshafti ya Trekta la Mama Mkwe

Jumanne, Didia

Na mimi nilivyokaza uso! Kamshafti ya zamani, ile shafti inayofungua valvu za injini, ilishalika, nikafunga mpya. Kuwasha, trekta la mama mkwe likakohoa, likazima. Nikawaambia watu dizeli ni chafu.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya ghala la pamba, maana kwa adabu yetu hatusogeleani. Akamtuma mke wangu: "Mama anasema ulipofunga gia ya kamshafti umeruka jino moja."

Nikacheka. Halafu nikafungua kimyakimya, nikarudisha jino. Trekta likanguruma.

"Si niliwaambia ni dizeli!"

Jioni ukaletwa mchuzi wa kuku wa shukrani. Nimetafuta firigisi, haki ya mkwe, hadi chini ya bakuli. Mke wangu anasema Mama kaila mwenyewe.

Eti firigisi ni ya fundi.