Bango Dirishani, Chai Langoni

Bi Muriel mpendwa,

Nisaidie katika safu yako ya ushauri gazetini kabla ya Jumamosi, maana mshika mawili moja humponyoka, na mimi naona yatanitoka yote. Mimi ni mjane wa miaka sitini na kitu, katibu wa kamati ya mtaa, na kama ujuavyo wazoa taka wa mji wetu wa Cragbeck wamegoma tangu majani yaanze kudondoka, mifuko imerundikana mpaka kituo cha basi, panya wanatembea mchana kama wenye nyumba, na haya yote yanakuja juu ya treni zisizofika na ile simu ya daktari inayokupigia muziki mpaka upone mwenyewe, kwa hiyo mwenyekiti wetu Hilary aliposema tuandike mabango, mimi ndiye niliyeandika lile la RUDINI KAZINI, herufi nyekundu, nikalibandika dirisha la sebuleni, linasomeka toka ng'ambo ya barabara.

Sasa sikia balaa. Njia yangu ya dukani inapita kwenye lango la yadi ya malori ya taka, na asubuhi ya kwanza niliwakuta wagomaji wamesimama kwenye mvua wakiota moto wa mbao, nami nilikuwa nimekusudia kabisa kuwapasha, lakini Bi Muriel, utamfokeaje mtu anayetetemeka kabla hujampa chai? Nikarudi nyumbani kuchukua chupa ya chai na pakiti ya biskuti, nikajisemea wakimaliza kunywa nitawafokea, wakamaliza, wakasema asante, nikasema karibuni, nikaenda zangu. Kesho yake vivyo hivyo. Mpaka leo sijawafokea.

Kiongozi wao pale langoni ni Errol, mgane, mtu wa kucheka. Akiniona tu anapaza sauti, "Jamani, kikosi cha uokoaji hicho! Chai hii wangeipata wale wakubwa wa halmashauri, mgomo ungeisha jana!" Wenzake wanapiga makofi, wanadhani mimi ni mtu wao, na mimi nasimama pale nacheka kama msichana, nilikaa kwenye ndoa miaka thelathini na sikuwahi kuchekeshwa hivyo, namsamehe marehemu. Huku kaskazini mwa nchi kila mtu huitwa mpenzi, dereva wa basi anakuita mpenzi, muuza samaki anakuita mpenzi, na Errol naye alikuwa akiniita hivyo, lakini siku hizi ameacha, ananiita kwa jina langu, taratibu, nami naogopa ameshanishtukia.

Jumamosi kamati inaandamana mpaka langoni na mimi ndiye wa mbele mwenye kipaza sauti. Jumamosi hiyohiyo Errol ameniomba niende na chupa yangu, halafu twende wawili kula samaki na chipsi. Nikiandamana nampoteza Errol. Nisipoandamana Hilary atanitangaza msaliti mtaa mzima, na tayari ananitilia shaka kwa sababu ya pipa langu, maana la kila mtu linafurika, langu peke yake, hapo mbele chini ya dirisha la sebuleni, kila Jumanne nalikuta tupu, limesuguliwa hadi mfuniko, linanukia sabuni. Juzi akaniuliza, "Hivi wewe jirani, takataka zako unazila?" Nikamwambia ni mbweha anayekuja usiku kula taka.

Je, nijifanye mgonjwa, au nihamie kwa dada yangu?

Mimi mwenye chupa ya chai,
Cragbeck

Dada wa chupa,

Mbweha! Mbweha gani huyo anayesugua mfuniko kwa sabuni? Nimecheka mpaka paka wangu ametoka chumbani.

Pole kwa panya, na pole kwa simu ya daktari, mimi mwenyewe muziki ule nimeukariri. Lakini pole yangu inaishia hapo. Wewe una ugonjwa wetu sote wa nchi hii: tunamlalamikia kila mtu isipokuwa mhusika. Umeandika hasira zako kwa herufi nyekundu, na mhusika umemwendea na biskuti. Huo si upole, ni woga uliovaa aproni.

Sasa soma tena barua yako uliyoiandika mwenyewe. Nani mjini kwenu anajua kumwaga pipa na kuliosha? Mgomaji akionekana amebeba taka wakati wa mgomo, wenzake hawatampa hata nafasi ya kuota moto. Errol analijua hilo kuliko mimi na wewe, na bado kila Jumanne alfajiri anakuja kwako na kuhatarisha jina lake. Na pipa lako liko wapi? Mbele ya nyumba, chini ya dirisha la sebuleni. Bango lako amelisoma zamani, dada. Amelisoma, akabeba mfuko, akaenda zake, asubuhi akapokea chai yako na kusema asante. Na mwanamume wa kaskazini akiacha kukuita mpenzi na kuanza kukuita kwa jina, hajakushtukia. Amekupenda.

Kwa hiyo usiugue, na kwa dada yako usiende. Jumamosi andamana, kwa sababu taka zinanuka kweli na una haki ya kusema. Ila usipige kelele langoni. Mwambie Hilary kwamba wale wanaoota moto hawana funguo za hazina, wenye funguo wako halmashauri, na huko ndiko kipaza sauti kinakotakiwa. Mkipita langoni waombeni wagomaji waongozane nanyi. Hilary akinuna, mpe kikombe. Hakuna mtu wa Cragbeck aliyewahi kugombana huku ameshika kikombe cha moto, na wewe ni shahidi.

Lakini kabla ya hapo, Ijumaa, nenda langoni. Mmiminie Errol chai yake, mtazame usoni, useme kwa sauti ya chini wenzake wasisikie, "Asante kwa pipa." Basi. Akijimwagia chai kwenye koti, umepata jibu lako, na hao samaki wa Jumamosi lipa wewe.

Bi Muriel