Kulia kwa Nani

Jumanne, 12 Juni. Asubuhi ya mawingu, bila mvua.

Dada,

Mimi ni mzima. Kile kibomba nilichochora, cha kuzungusha mawimbi kuelekea kulia kwenye antena ya setilaiti, leo hakikupokea kitu. Kulia huhesabiwa kwa anayelisindikiza wimbi, akilitazama kwa nyuma likienda. Mimi nilihesabu kama anayelipokea, akilitazama likija.

"Sasa mama, huku ni kulia kwa nani?" fundi akanitania.

"Kwangu," nikasema. Akaona machozi, akaenda kuchemsha chai.

Shemeji yako aliondoka Jumapili na mizigo yake yote. Sikumsindikiza.

Kibomba tumekigeuza robo mzunguko na sasa kinapokea. Naomba uje, dada. Safari hii nitakuja kituoni kukupokea.

Mdogo wako

Nazima taa nilale, saa nne na dakika kumi usiku.