Baba Mdogo Kwenye Kurasa za Nyuma

Kitahana, Kibondo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na mahindi ya darini yamesalimika na panya? Mimi mzima, ila mvua za huku zinanikomesha. Juzi nimefundisha peku, viatu vimeloa chapachapa. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako huiweka sauti ya juu, na Baba Mdogo amelala chumba cha pili.

Habari yenyewe inamhusu yeye. Uliponiambia amezidiwa na ukataka tumwombee, niliitikia "sawa Mama" kwa shingo upande. Unajua kwa nini. Mtu aliyetufukuza kwenye shamba la kahawa la marehemu Baba, leo unamnywesha uji kwa kijiko! Hata hivyo nilimwandika. Huku mimi ndiye katibu wa jumuiya, kwa kuwa ni mwalimu. Daftari letu lina wagonjwa kurasa za mbele, marehemu kurasa za nyuma.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba tulisali kwa Bibi Anastazia, mwenyekiti wetu. Alipofika kwa marehemu akasoma mume wake, wanawe wawili, kisha Baba Mdogo, majina yake yote matatu, kwa mwandiko wangu. Watu wazima wamepiga magoti kwenye sakafu ya udongo, wanamwombea raha ya milele mtu anayehema! Nilipaswa kusema. Sikusema. Mwezi mzima wamemwombea hivyo, na mimi naitikia amina.

Halafu juzi unanipigia unacheka: ameamka, ameomba ugali na maharage, na anashukuru kwa maombi ya Kibondo. Mama, nilichanganyikiwa. Maombi yapi? Nilikwenda kwa Bibi nikamweleza kila kitu. Alikuwa anamenya mihogo, hata kisu hakukiweka chini.

"Mwalimu, Imana hasomi daftari," alisema, akimtaja Mungu kwa lugha ya huku. "Anamjua mgonjwa wake."

"Lakini Bibi, sijui kama nilikosea ukurasa au nilikusudia."

"Eeh. Basi mgonjwa mwingine ni wewe."

Akafuta mikono, akachukua kalamu, akaniandika kurasa za mbele.

Bado sielewi, Mama. Nikifurahi kwamba amepona, najiona mnafiki. Nikikasirika, namwogopa Mungu. Kama huruma yake imemfikia Baba Mdogo kupitia mkono wangu wenye kinyongo, basi hainisubiri mimi nikubali kwanza, na hilo linanitisha kuliko linavyonifariji. Na wewe, ukimkorogea uji, humkumbuki Baba? Unafanyaje? Nijibu kweli, usinijibu kama mama mchungaji.

Nisalimie Mama Mkubwa, kaka fundi cherehani, na mdogo wangu wa kidato cha pili; mwambie simu haitamfanyia mtihani.

Baba Mdogo mpe pole yangu. Mwambie bado tunamwombea. Nimelihamishia jina lake mbele, na nafasi iliyokuwa imebaki ni ile ya juu ya jina langu, kwa hiyo Jumamosi tutasomwa pamoja. Ila jina lilikotoka usimwambie.

Mwanao,
Skola